Jenerali George Erskine: kamanda aliyeyaweka kwenye maandishi aliyoyakuta Kenya

Jenerali George Erskine, aliyeongoza majeshi ya Uingereza nchini Kenya kuanzia Juni 1953 hadi Mei 1955, ni miongoni mwa maafisa wachache wa ngazi hiyo ambao barua na maagizo yao yamebaki kuwa ushahidi dhidi ya utawala walioutumikia.

Alizaliwa mwaka 1899 na kuingia jeshini mwaka 1918. Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alikabidhiwa Divisheni ya 7 ya Vifaru, maarufu kwa jina la Panya wa Jangwani, iliyoingia Tunis mwezi Mei 1943. Huko Normandy bahati ilimgeuka. Divisheni yake ilipata kipigo katika mji wa Villers-Bocage tarehe 13 Juni 1944, na mwezi Agosti akaondolewa. Kwa afisa mwingine huo ungekuwa mwisho. Yeye alipanda tena, akatumwa Hong Kong, kisha Misri, ambako tarehe 25 Januari 1952 majeshi ya Uingereza yalishambulia kambi ya polisi ya Ismailia na kuua makumi ya polisi wa Kimisri. Kesho yake Cairo iliwaka moto.

Alipowasili Nairobi, hali ya hatari dhidi ya Mau Mau ilikuwa imedumu kwa miezi minane. Waziri Mkuu Winston Churchill alimpa barua ya kumruhusu kutangaza sheria ya kijeshi akiona inafaa. Husimuliwa kwamba barua hiyo aliihifadhi ndani ya kasha lake la miwani, na kwamba mabishano na viongozi wa walowezi yalipopamba moto, alilifungua kasha hilo na kulifunga mbele yao. Hakuitumia kamwe. Walowezi aliwadharau waziwazi, nao hawakumpenda.

Mwezi huohuo wa Juni alitoa agizo kwa maafisa wa jeshi na polisi, akikataza kuwapiga wananchi kwa sababu tu ni wenyeji wa nchi hiyo. Desemba 1953 alimwandikia Waziri wa Vita, Antony Head, akikiri kwamba kabla ya kufika kwake watu walipigwa risasi ovyo, na kwamba wafungwa walipigwa ili watoe habari. Kapteni mmoja wa KAR alihukumiwa kifungo cha miaka 5 mwaka 1954. Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa wakati huo uliwahusu wanajeshi peke yao. Polisi na askari mgambo, waliolalamikiwa zaidi, hawakuguswa.

Isidhaniwe kwamba alikuwa mpole. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yake yaliuzingira mji wa Nairobi katika Operesheni Anvil, yaani fuawe, na Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakaguliwa mtaa kwa mtaa. Wanaume wapatao 20,000 au zaidi walipelekwa katika kambi za Langata, Manyani na Mackinnon Road. Erskine alikuwa pia mjumbe wa Baraza la Vita, ambalo Juni mwaka huo liliamua kuwahamishia wakazi wa mashambani katika vijiji vyenye ulinzi. Zaidi ya watu milioni 1 walihamishwa.

Vita hivyo havikuwa vya Wakenya na Waingereza pekee. Vikosi vya KAR kutoka Uganda na Tanganyika vilipigana chini ya amri yake, na katika batalioni ya Uganda alikuwamo askari Idi Amin.

Mei 1955 Erskine alimwachia Gerald Lathbury uongozi. Baadaye alikuwa mwakilishi wa Malkia katika kisiwa cha Jersey, na alifariki mwaka 1965. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake juu ya mateso yaliyotendeka Kenya, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, wengi wao wakiwa wazee waliopita katika kambi hizo.