Kabla hujauza mtamba: historia fupi ya programu za simu bila kuandika kodi

Wandugu, nimeadimika kidogo. Nilikuwa nyumbani Katesh, pale chini ya Mlima Hanang, na nimerudi mjini na deni la kuandika.

Jioni ya pili tangu nifike, mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alinivuta pembeni nyuma ya zizi. Ana miaka 22, amemaliza kidato cha sita, ajira hakuna. "Kaka," akasema, "nimepata wazo. Natengeneza programu ya simu ya bei za mazao na mifugo, Hanang na Mbulu nzima. Siku hizi huhitaji hata kujua kodi." (Siyo kodi ile ya TRA jamani, anamaanisha zile lugha wanazoandika wataalamu wa kompyuta.) Alishapata kozi ya wiki mbili mjini, alishapiga hesabu ya malipo ya mwaka ya huo mtambo wa kutengenezea programu, na jumla ilikuwa inakaribia bei ya mtamba mmoja. Mtamba mwenyewe alikuwa amesimama palepale anatutazama.

Mnielewe. Baba mdogo ana ng'ombe watatu. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ilimeguka, tope na mawe na magogo yakashuka mpaka Gendabi na Katesh mjini. Zaidi ya watu 80 walikufa. Familia yetu ilipona, lakini shamba la mahindi liko chini ya mawe mpaka leo, na baadhi ya mifugo ilikwenda na maji. Kwa hiyo mtamba mmoja kwa baba mdogo si kitu cha kuchezea. Nikamwambia dogo nipe siku chache nisome. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, hakukosea. Inawezekana kweli kutengeneza programu bila kuandika kodi, na wala siyo jambo la juzi. Mwaka 1987 kampuni ya Apple ilitoa HyperCard, kazi ya Bill Atkinson. Mwalimu wa kawaida aliweza kupanga kadi kwenye kompyuta, akaweka vitufe na picha, akapata programu yake. Hiyo ni miaka mingi kabla dogo hajazaliwa.

Kwetu Afrika Mashariki wazo hili liliingia kwa kiasi kikubwa kupitia afya, siyo biashara. Daktari mmoja wa watoto Mmarekani, Joel Selanikio, alichoka kuona kila dodoso la afya Afrika linasubiri mtaalamu wa kompyuta kutoka ng'ambo. Shirika lake la DataDyne likatengeneza EpiSurveyor, ambayo katikati ya miaka ya 2000 ilijaribiwa Kenya kwenye vile vikompyuta vya mkononi vya Palm. Mtumishi wa afya alipanga maswali yake mwenyewe, akayaweka kwenye kifaa, akaenda kijijini. Mwaka 2005 Mwingereza Ken Banks naye alitoa FrontlineSMS: laptopu moja, simu moja na waya, basi, unatuma na kupokea meseji za watu mia bila hata intaneti.

Mwaka 2008 vikaja viwili kwa pamoja. Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, Gaetano Borriello na wanafunzi wake, mmoja wao Yaw Anokwa mwenye asili ya Ghana, walianza Open Data Kit. Miongoni mwa watumiaji wa mwanzo walikuwa AMPATH pale Eldoret, waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kupima virusi vya UKIMWI. Baadaye fomu zake zikawa zinapangwa kwenye Excel: safu moja aina ya swali, nyingine jina, nyingine maneno ya swali lenyewe. Anayeweza kuandika orodha ya wachangiaji wa harusi kwenye Excel anaweza kutengeneza fomu hiyo. Mwaka huohuo CommCare ya kampuni ya Dimagi ilianza kujaribiwa na wahudumu wa afya wa jamii wa Dar es Salaam, kwenye simu za kawaida kabisa.

Halafu Julai 2010 Google wakatangaza App Inventor, mtambo wa kupanga vipande vya rangi kama watoto wanavyopanga matofali ya kuchezea, na mwisho wa kupanga unapata programu ya Android. Aliyeongoza kazi hiyo ni profesa Hal Abelson wa MIT. Lakini angalieni kilichofuata. Mwisho wa 2011 Google wakaachana nayo. Bahati nzuri MIT waliichukua na kuifungua tena kwa umma mwaka 2012. Isingekuwa hivyo, waliojenga humo wangebaki mikono mitupu. Januari 2020 Google hao hao wakanunua AppSheet, ambayo inageuza jedwali la mahesabu kuwa programu. Kwa hiyo fundisho la kwanza nililompa dogo: ukitengeneza bila kodi unajenga kwenye kiwanja cha mtu. Siku akipandisha kodi (hii sasa ni ile ya pango) au akikuambia uhame, unahama.

Lakini hilo siyo lililonitisha zaidi. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba hizi kazi zilikufa au kuishi kwa mambo mengine mawili: kujaribu kwa watu halisi, na kujua nani anatoa hela.

Chukueni M-Pesa. Hii haikuwa ya kubofya vipande vya rangi, ilitengenezwa na wataalamu. Lakini Oktoba 2005, kabla haijawa M-Pesa tunayoijua, waliijaribu Kenya kwa wateja mia chache wa taasisi ya mikopo ya Faulu, Thika na Nairobi. Lengo lilikuwa mtu alipe marejesho ya mkopo kwa simu. Watu wakaanza kufanya mambo yao. Huyu anamtumia mwenzake hela, yule anaweka hela kwenye simu kabla ya safari na kuzitoa akifika. Susie Lonie na Nick Hughes wa Vodafone walioisimamia wakaona kinachotakiwa siyo kulipa mkopo, ni kutuma hela nyumbani. Machi 2007 Safaricom wakaizindua hivyo, na mwaka 2008 ikafika Tanzania. Wangekataa kusikia majaribio, leo tungekuwa bado tunampa kondakta wa basi bahasha.

Sasa chukueni upande wa pili, hapa hapa kwetu. Shirika la Daraja lililokuwa Njombe lilianzisha Maji Matone. Wazo zuri mno: kisima kikiharibika, mwanakijiji anatuma meseji, taarifa inafika kwa mhandisi wa maji wa wilaya, na vyombo vya habari vinambana. Walitarajia meseji 3,000. Baada ya miezi kadhaa wakawa wamepata 53. Hamsini na tatu! Mtambo haukuwa na tatizo. Wanaochota maji ni akina mama na watoto, wanaoshika simu ni akina baba. Mtandao sehemu nyingi haukuwepo. Na watu hawakuamini kwamba meseji italeta fundi. Mwaka 2011 Daraja wakatangaza wenyewe hadharani kwamba imeshindwa. Mimi nimeripoti semina nyingi na sijawahi kusikia mradi ukisema hivyo, kwa hilo nawavulia kofia.

Na siyo lazima twende Thika au Njombe. Panda gari Katesh upite Basotu uje Haydom, wilaya ya Mbulu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955, na wengi tunaijua kwa kuzaliwa pale au kulazwa pale. Kuanzia 2013, kwenye mradi wa Safer Births, wakunga wake walishiriki kujaribu vifaa vya Laerdal kutoka Norwei. Kimojawapo kinaitwa Moyo, cha kusikilizia mapigo ya moyo ya mtoto aliye tumboni. Yaani kifaa kinachotumika nchi nyingine kimepitia mikono ya wakunga wa Mbulu. Kwa hiyo mtu asiniambie watu wa kwetu hawajui kujaribu vitu. Wanajua, ila ni lazima uwafuate wodini usiku, uwasikilize wanapokwambia hapa pabaya.

Nikamuuliza dogo: wewe utamjaribisha nani? Akasema marafiki zake. Nikamwonyesha sharti la Google. Ukifungua akaunti binafsi ya kuweka programu kwenye duka lao baada ya tarehe 13 Novemba 2023, huruhusiwi kuitoa kwa umma mpaka watu wasiopungua 20 wawe ndani ya jaribio siku 14 mfululizo. Desemba 2024 wakapunguza wakawa 12. Watu 12 wenye simu janja na bando kwa wiki mbili! Dar hiyo ni meza moja ya baa. Katesh tukakaa na kalamu tukahesabu: wenye simu janja tunaowafahamu wapo, lakini wakulima wenyewe, wale ambao programu ni kwa ajili yao, wengi wana kitochi. Na bibi zetu wanaouza vitunguu saumu vya Bashay wanazungumza Kiiraqw, wafugaji wa Basotu Kidatoga. Programu ya Kiswahili yenye vitufe 20 itawasaidia nini?

Tukaja kwenye hela, hapa ndipo dogo alinyamaza. Nani alilipia hizo programu zote nilizotaja? EpiSurveyor ilikuwa bure kwa wengi, ikajiendesha baadaye kwa kuwatoza wachache, yale mashirika yenye kazi kubwa. Open Data Kit ilibebwa kwa miaka mingi na chuo na wafadhili. Moyo inatoka kwa kampuni isiyotafuta faida. Sikuona hata moja ambayo mkulima alikuwa anaitoa hela mfukoni kila mwezi. M-Pesa ndiyo watu wanailipia wenyewe, na ona wanalipia nini: hela kufika. Hata hapo mkono ni mwepesi kuondoka. Julai 2021 serikali ilipoweka tozo ya miamala kelele zilikuwa kubwa, na Septemba mwaka huohuo ikaipunguza kwa asilimia 30.

Upande wa duka la Google, kiingilio ni dola 25 mara moja, na tangu Julai 2021 wanakata asilimia 15 ya dola milioni ya kwanza unayouza kwa mwaka. Hiyo siyo mbaya. Tatizo ni kwamba mteja wa Hanang hana kadi ya benki, ana namba ya simu. Matangazo? Yanalipa ukiwa na watu wengi sana. Na ukikusanya majina na namba za watu, kumbuka tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Dogo hakuwa ameisikia. Kusema kweli hata mimi niliisoma kwa sababu ya kazi.

Basi tukakubaliana kitu. Mtamba abaki zizini. Yeye ajaribu kwanza bila programu yoyote, wiki mbili zilezile za Google, siku 14. Akachukua daftari la kaunta na simu yake. Akaenda mnadani, akapita kwa wauzaji na wanunuzi, akaandika bei, jioni akawatumia watu 12 meseji za kawaida. Saba kati yao wana kitochi. Mmoja ni mama anayenunua vitunguu saumu Bashay na kuvipeleka Babati.

Wiki ya kwanza hakuna aliyejibu kuhusu bei. Bei wanazijua, wanapigiana simu. Mama wa vitunguu ndiye aliyemrudishia: "Mwanangu, bei ninayo. Niambie lori gani linashuka Babati likiwa na nafasi, na siku gani." Wiki ya pili watu watano walikuwa wanauliza hilohilo. Dogo akaanza kuwapigia madereva. Mara tatu akampatia mtu nafasi, na mara mbili kati ya hizo akapewa shilingi elfu mbili mbili bila kuomba.

Elfu nne, wandugu. Hainunui hata kwato ya mtamba. Lakini ni hela ambayo mtu wa Hanang ametoa kwa hiari yake kwa huduma ya kijana wa Hanang, na hakuna mstari mmoja wa kodi ulioandikwa, wala kitufe kimoja kilichobofywa. Ile bei ya mazao aliyotaka kuuzia ng'ombe hakuna aliyeitaka. Angeijua hiyo baada ya kuuza.

Sisemi asitengeneze. Daftari likijaa, madereva wakiwa 30 na wasafirishaji 100, hapo kuandika kwa mkono kutamshinda, na jedwali la mahesabu lililogeuzwa kuwa programu litakuwa na kazi ya kufanya. Mitambo mingi unaweza kuanza nayo bure. Atalipia wakati wateja wenyewe wanamlipia yeye. Kozi nayo itakuwepo tu.

Jana amenipigia simu. Mvua zimeanza, barabara ya kushuka mlimani inateleza, malori mawili hayakufika na mama wa vitunguu kamgombeza kweli kweli. "Kaka," anasema, "wananigombeza kama vile mimi ndiye mwenye lori." Nikamwambia hongera mdogo wangu, sasa una wateja. Baba mdogo naye akachukua simu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia mtamba ana mimba.