Jumatatu ya Maziwa Makuu: Gisenyi, 20 Septemba 1976

Kila mwaka tunapofundisha ngeli ya JI-MA hapa Rubavu, tunajua kwamba kipindi kitavurugika mara tu tutakapolifikia neno "ziwa". Hakosekani mwanafunzi wa kuuliza iwapo Nchi za Maziwa Makuu zimeitwa hivyo kwa sababu ya ng'ombe wake. Darasa linacheka, mwalimu anaeleza kwamba maziwa ya kunywa hayana umoja na maziwa ya kuvulia sambaza yanao, kisha anatokea mwingine anayekumbuka ziwa la mama, na somo linaanza upya. Basi tumezoea kuituliza kelele hiyo kwa kuwasimulia habari ya siku moja, iliyotokea katika mji huu huu.

Jumatatu tarehe 20 Septemba 1976 marais watatu walikutana Gisenyi wakatia saini mkataba wa kuunda Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, ile ambayo wenyeji wanaitaja kwa herufi zake za Kifaransa, CEPGL. Mwenyeji alikuwa Juvénal Habyarimana, naye alikuwa nyumbani hasa, kwani alizaliwa katika mkoa wa Gisenyi. Kutoka Burundi alikuja Michel Micombero. Kutoka ng'ambo ya bariyeri, ambako mtu huweza kufika kwa miguu, alikuja Mobutu Sese Seko wa Zaire.

Sisi watu wa lugha hatuwezi kuyapita majina hayo bila kusimama. Tangu 1972 Zaire ilikuwa imepiga marufuku majina ya ubatizo. Rais mwenyewe aliacha kuitwa Joseph-Désiré, na padri aliyembatiza mtoto kwa jina la Kizungu alitishiwa kifungo. Tai shingoni nayo ilikuwa dhambi ya kisiasa. Sasa tazama waliokaa mezani: Juvénal upande huu, Michel upande ule, na katikati yao mtetezi wa uhalisi wa Mwafrika. Wangezaliwa hatua chache magharibi ya mji, waheshimiwa wale wawili wangelazimika kutafuta majina mengine. Hata hivyo mkataba wenyewe uliandikwa kwa Kifaransa. Uhalisi ulikomea kwenye tai.

Dunia ilikuwa na habari zake nyingine. Jumapili ya jana yake Henry Kissinger alikutana na Ian Smith mjini Pretoria kuhusu Rhodesia, na wiki hiyo alikuwa akiruka kati ya Lusaka kwa Kaunda na Dar es Salaam kwa Nyerere. Jumapili hiyo hiyo huko Uswidi, chama cha Olof Palme kilishindwa uchaguzi baada ya kutawala zaidi ya miaka 40. Kuangushwa kwa karatasi za kura! Habari hiyo lazima ilisikika kama hekaya mbele ya meza ya Gisenyi, kwa maana Mobutu alitwaa madaraka mwaka 1965, Micombero 1966 na Habyarimana 1973, wote wakiwa wanajeshi.

Pengine ndiyo sababu lengo lililotangulizwa katika mkataba halikuwa biashara, bali usalama: kila nchi ihakikishe kwamba hakuna mtu anayevuruga utulivu mipakani. Micombero akarudi Bujumbura na ahadi hiyo mfukoni. Jumatatu tarehe 1 Novemba, siku 42 baadaye, akapinduliwa na Jean-Baptiste Bagaza. Mkataba haukukiukwa hata kidogo, kwa sababu Bagaza hakuvuka mpaka wowote. Alikuwa ndani ya jeshi la Micombero mwenyewe. Waswahili walikwisha kusema kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani angeitia methali ya Kiswahili katika mkataba ule?

Na Kiswahili kilikuwapo siku hiyo, tusidanganyane. Kilikuwapo Goma na Bukavu, kilikuwapo Buyenzi mjini Bujumbura na Biryogo mjini Kigali, na kilikuwa kikipanga bei ya maharage na vitenge kati ya Goma na Gisenyi. Hata hewani kilikuwapo, kwani Deutsche Welle ilikuwa na idhaa ya Kiswahili tangu 1963 na mitambo yake ya kurushia matangazo Kigali tangu 1965. Kitu kingine kilichotangulia kuziunganisha nchi hizi tatu ni bia ya Primus, iliyopikwa hapa Gisenyi, Bujumbura na Zaire bila kungoja saini ya rais yeyote. (Walimu wa isimujamii wanaweza kulifanyia utafiti jambo hili, kwa kiasi.)

Msomaji wa magazeti wa mwaka 1976 angeweza kuapa kwamba mustakabali ni wa Kifaransa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa mahututi. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na katikati ya mwaka huo jumuiya ikavunjika. CEPGL wakati huo ilikuwa changa na yenye afya. Ilipata benki yake Goma, taasisi ya utafiti wa kilimo Gitega, na mwaka 1989 umeme wa Ruzizi ya pili.

Kisha ukaja mwaka 1994, na hapo darasani kicheko hukatika chenyewe. Julai mwaka huo watu laki kadhaa walipita katika mji huu kwa siku chache tu wakielekea Goma. Wapo wanafunzi wetu ambao wazazi wao walikuwa humo. CEPGL ililala, ikajaribiwa kuamshwa mwaka 2007, na mwaka huo huo Rwanda na Burundi zikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyokwisha kufufuka. Kongo ikafuata mwaka 2022. Yaani watia saini wote wa Gisenyi wakajikuta pamoja tena, lakini katika ile jumuiya iliyokuwa ikichimbiwa kaburi. Rwanda nayo ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Ujirani haujapona kwa hayo: Januari 2025 Goma ilitekwa na M23, na makombora yakaangukia hadi huku Rubavu yakaua watu.

Muhula huu tuliwapa wanafunzi insha juu ya siku ile ya 1976. Mmoja, ambaye mama yake huuza nyanya Goma, aliandika kwamba marais walisahau kuwauliza "batu ba mupaka". Tulibishana ofisini kwa muda mrefu kuliko walivyobishana, labda, wenye mkataba. Mwishowe tukapiga mstari mwekundu chini ya "batu" na "mupaka", na alama za insha tukampa zote.