Nani Alishika Funguo za Uwanja: Watazamaji wa Soka la Wanawake tangu 1917

Idadi ya watu wanaokwenda kutazama soka la wanawake katika viwanja vikubwa haijapanda mfululizo. Mwaka 1920 ilifikia makumi ya maelfu nchini Uingereza, kisha viwanja vikafungwa kwa nusu karne. Ilifurika Mexico mwaka 1971, ikapotea tena, ikarudi Marekani miaka ya 1990 na Ulaya baada ya 2019. Katika kila kipindi, swali la kwanza la kuuliza ni nani aliyekuwa na funguo za uwanja, maana hapo ndipo sehemu kubwa ya historia hii ilipoamuliwa.

Mechi za wanawake zenye viingilio zilikuwapo tangu karne ya 19. Tarehe 23 Machi 1895 klabu ya British Ladies ilicheza Crouch End, kaskazini mwa London, mbele ya maelfu ya watu, wengi wao wakiwa wamevutwa na udadisi tu. Watazamaji wa kudumu walikuja na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wanaume walipelekwa vitani, ligi yao ikasimama mwaka 1915, na wanawake wakaingia viwandani kutengeneza risasi na makombora. Saa za mapumziko walicheza mpira, na timu za viwanda zikazaliwa.

Iliyotia fora ni timu ya kiwanda cha Dick, Kerr & Co. mjini Preston. Siku ya Krismasi 1917 ilicheza Deepdale, uwanja wa klabu ya Preston North End, dhidi ya wanawake wa kiwanda cha Arundel Coulthard. Watu 10,000 walilipa viingilio, na fedha zikaenda hospitali ya askari majeruhi ya Moor Park. Alfred Frankland, mfanyakazi wa ofisi ya kiwanda hicho, ndiye aliyeisimamia timu, naye alijua kazi yake: kila mechi ilitangazwa kuwa ya hisani, na wachezaji hodari kutoka miji ya jirani walitafutiwa ajira kiwandani. Timu ya wanawake wa Ufaransa ilipozuru mwaka 1920, Deepdale ilipokea watu 25,000.

Kilele kilifika tarehe 26 Desemba mwaka huohuo. Dick, Kerr walikutana na St Helens katika Goodison Park, uwanja wa Everton mjini Liverpool. Waliingia watu wapatao 53,000, na maelfu wengine wakabaki nje ya malango. Mshambuliaji Florrie Redford alikosa treni ya kutoka Preston, hivyo nahodha Alice Kell, ambaye kwa kawaida alikuwa beki, akasogezwa mbele na kufunga mabao matatu katika ushindi wa 4-0. Lily Parr, aliyekuja kuwa nyota mkubwa kuliko wote wa timu hiyo, alikuwa bado msichana wa miaka 15. Zilikusanywa zaidi ya pauni 3,000, fedha nyingi mno kwa siku hizo. Katika ardhi ya Uingereza, zilipita zaidi ya miaka 100 kabla mechi ya klabu za wanawake haijavuka idadi hiyo ya watu.

Mafanikio hayo ndiyo yaliyoleta matatizo. Mwaka 1921 Dick, Kerr walicheza mechi zaidi ya 60 pamoja na kazi zao za kiwandani. Wachimbaji wa makaa ya mawe walipofungiwa migodi mwaka huo, timu za wanawake zilicheza kuchangia familia zao, na hisani ya kusaidia askari majeruhi ikageuka kuwa hisani yenye sura ya kisiasa. Tarehe 5 Desemba 1921 Chama cha Soka cha Uingereza, FA, kilitangaza kwamba mchezo huo haufai kwa wanawake na haupaswi kuhimizwa. Kilidai pia kwamba sehemu kubwa mno ya viingilio ilikuwa ikimezwa na gharama. Klabu wanachama zikaagizwa zisiwaruhusu wanawake kucheza katika viwanja vyao.

Agizo hilo halikumkataza mwanamke kugusa mpira. Liliondoa vitu vinavyowezesha umati kukusanyika: majukwaa, malango ya kukatia tiketi, uzio wa kuzuia wasiolipa, vituo vya treni vilivyo karibu. Dick, Kerr waliendelea, baadaye kwa jina la Preston Ladies, hadi mwaka 1965, wakicheza katika viwanja vya raga, bustani za umma na mashamba. Huko hata kama watu 5,000 wangetaka kuja, hapakuwa na pa kuwaweka. Nchi nyingine zilichukua mkondo huohuo: Brazil iliwapiga wanawake marufuku kwa sheria kuanzia 1941 hadi 1979, na chama cha soka cha Ujerumani Magharibi kikafanya hivyo kuanzia 1955 hadi 1970. Hili lazima lisemwe wazi, kwa sababu baadaye hoja ya kwamba "soka la wanawake halina watazamaji" ilitolewa kana kwamba ni maumbile. Watazamaji walikuwapo, wakafungiwa lango, na kizazi kizima cha watoto kikakua bila kujua kwamba mama zao waliwahi kujaza Goodison Park.

Ushahidi wenye nguvu ulipatikana Mexico. Agosti na Septemba 1971 yalichezwa huko mashindano ya dunia ya wanawake ambayo FIFA haikuyatambua, kwa ufadhili wa kampuni ya vinywaji ya Martini & Rossi. Ziliingia nchi sita: Mexico, Argentina, England, Ufaransa, Italia na Denmark. Shirikisho la Mexico lilizitisha klabu ambazo zingetoa viwanja, lakini Azteca ya jijini Mexico na Jalisco ya Guadalajara zilikuwa katika mikono ambayo shirikisho halikuweza kuiamrisha, na wamiliki waliona faida. Milingoti ya magoli ilipakwa rangi ya waridi, ishara kwamba hata waandaaji hawakuamini kuwa mpira peke yake ungetosha. Ulitosha. Azteca ilijaa mechi baada ya mechi, na fainali ambayo Denmark iliifunga Mexico 3-0, mabao yote yakiwa ya Susanne Augustesen mwenye miaka 15, ilikadiriwa kuwa na watu 110,000.

Wachezaji wa Mexico, wakiona fedha zinazoingia malangoni, walitishia kugomea fainali wasipolipwa. Wasichana wa England waliporudi nyumbani walifungiwa kucheza, na kocha wao Harry Batt akatupwa nje ya mchezo. Kwa kuwa FIFA haikuyatambua mashindano hayo, umati wa Azteca haumo katika orodha rasmi, na rekodi zilizotangazwa baadaye kuwa "za kwanza" au "kubwa kuliko zote" zinapaswa kusomwa kwa kukumbuka hilo.

FIFA yenyewe iliandaa Kombe la Dunia la kwanza la wanawake nchini China mwaka 1991, na fainali ya Guangzhou kati ya Marekani na Norway ilitazamwa na watu wapatao 63,000. Miaka minne baadaye mashindano yalipelekwa Sweden, katika viwanja vidogo vya miji midogo. Mashindano yote yalikusanya watu 112,213, na fainali ya Råsunda 17,158.

Marekani ilikuwa na mazingira yake. Sheria ya mwaka 1972 iliyojulikana kama Title IX ilipiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu, na kwa sababu hiyo shule na vyuo vikafungua timu za wasichana. Kufikia miaka ya 1990 mamilioni ya wasichana walikuwa wamecheza mpira, na wazazi wao walikuwa na mazoea ya kukaa pembeni mwa uwanja. Fainali ya Olimpiki ya 1996 iliyochezwa Athens, Georgia, ilipata watu zaidi ya 76,000. Kwa Kombe la Dunia la 1999, waandaaji walikataa ushauri wa kutumia viwanja vidogo na kukodi vile vya soka la Kimarekani. Tarehe 10 Julai watu 90,185 waliingia Rose Bowl, Pasadena, kuona Marekani ikiishinda China kwa mikwaju ya penalti. Jumla ya mashindano ilikaribia milioni 1.2, ingawa siku nyingi mechi mbili zilichezwa kwa tiketi moja na watu walewale wakahesabiwa mara mbili.

Kilichofuata kinafundisha zaidi ya kilele chenyewe. Ligi ya kulipwa ya WUSA ilianza 2001 na kufungwa 2003, ikiwa imetumia fedha kwa kasi ambayo viingilio havikuweza kuifuata. Kombe la Dunia la 2003 lilihamishwa kutoka China kwenda Marekani kwa sababu ya ugonjwa wa SARS, kukiwa na muda mfupi wa maandalizi, na fainali ikawekwa Carson, eneo lilelile la Los Angeles, katika uwanja unaoingiza takriban watu 27,000. Walikuja 26,137, yaani karibu kila kiti. Anayelinganisha 90,185 na 26,137 bila kutaja ukubwa wa uwanja anapotosha historia.

Barani Ulaya mabadiliko yaliletwa na klabu kubwa zilizoamua kufungua viwanja vyao vikuu. Machi 2019 Atlético Madrid na Barcelona walicheza mbele ya watu 60,739 jijini Madrid. Wanawake wa Barcelona, ambao kwa kawaida hutumia uwanja wa watu 6,000, walipelekwa Camp Nou mwaka 2022: 91,553 dhidi ya Real Madrid tarehe 30 Machi, na 91,648 dhidi ya Wolfsburg tarehe 22 Aprili. Bei za tiketi zilikuwa nafuu sana, na wanachama wa klabu walipewa upendeleo. Hilo halipunguzi uzito wa tukio, lakini linaeleza kwa nini umati wa namna hiyo haukuonekana kila wiki.

Euro ya 2022 nchini Uingereza ilibeba mawazo mawili kwa wakati mmoja. Mechi ya ufunguzi iliwekwa Old Trafford na kupata watu 68,871, huku mechi nyingine zikipangiwa uwanja wa akademi ya Manchester City ambao ulichukua chini ya 5,000, jambo lililomkasirisha nahodha wa Iceland, Sara Björk Gunnarsdóttir, na alikuwa na haki. Fainali ya Wembley, England dhidi ya Ujerumani, ilitazamwa na 87,192. Arsenal wakafuata kwa kuwahamishia wanawake wao Emirates kwa mechi nyingi zaidi kila msimu, na Mei 2023 walipoikaribisha Wolfsburg waliingia watu 60,063. Hata hivyo, wastani wa ligi nzima ya wanawake ya Uingereza ulishuka msimu wa 2024/25, na klabu nyingi bado zinategemea viwanja vidogo vilivyo mbali na mji ambao timu inaubeba kwa jina.

Afrika ilipata kilele chake Rabat. Kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la Wanawake la 2022, nusu fainali ya Morocco na Nigeria ilitazamwa na watu 45,562, na fainali ambayo Afrika Kusini ilishinda 2-1 ikazidi hapo. Shirikisho la Morocco lilikuwa limeanzisha ligi ya kulipwa ya wanawake miaka miwili kabla, na likaupa mchezo huo uwanja wake mkuu. Novemba mwaka huohuo Simba Queens ya Tanzania ilicheza Ligi ya Mabingwa Afrika nchini humo na kumaliza ya nne. Nyumbani, Simba Queens na Yanga Princess zimerithi mashabiki wa klabu mbili zinazoweza kuujaza Uwanja wa Benjamin Mkapa wanaume wanapokutana, lakini dabi yao hupangwa mara nyingi katika viwanja vidogo vya Dar es Salaam.