Gurudumu Likianza Kunguruma: Kubadilisha Beringi za Datsun 240Z Huku Migori na Homa Bay

Mwanzo wa ngoma ni lele, na mwanzo wa beringi kufa ni mlio mdogo ambao dereva huufunika kwa kuongeza sauti ya redio. Nimefanya kazi ya umakanika miaka mingi, kwanza Mombasa na sasa huku Migori na Homa Bay, na sijaona kifaa kinachodharauliwa kama hiki. Nawaandikia hasa ndugu zetu wa Pwani wanaoishi huku bara na wenye magari ya zamani ya mbio. Sikukuu zikikaribia, wengi hufunga safari ya kushuka Mombasa, zaidi ya kilomita 800 kutoka Migori, na husema "litafika tu". Beringi mbovu haijui sikukuu.

Mfano wangu ni Datsun 240Z, kwa kuwa gari hili lina jina kwetu. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mbio za Safari mwaka 1971. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nalo tena, baada ya kulingana pointi na Harry Källström. Ni gari gumu, lakini gumu halina maana ya kuwa halihitaji grisi.

Kwanza hakikisha ugonjwa. Mlio wa beringi hufuata mwendo wa gari, si mwendo wa injini. Ukitoa gia gari likiwa linatembea na mlio ukabaki, tafuta kwenye magurudumu. Ukikata kona kwenda kushoto na mngurumo ukazidi, shuku upande wa kulia, maana ndio uliobeba mzigo. Kisha inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi imara, shika tairi mkono mmoja juu na mwingine chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi. Ukibaki, tazama boljointi na vyuma vingine vya chini.

Usichukulie mchezo huo kuwa jambo la mlio tu. Habu ikilegea, disiki ya breki huyumba na kuzisukuma pedi nyuma. Siku utakapohitaji breki kwa ghafla, pedali itashuka chini kabla ya kushika. Kwenye mteremko wenye malori na bodaboda, hapo ndipo watu hupotea.

Huku kwetu beringi zina maadui watatu. Wa kwanza ni vumbi la barabara za marram, linalokula mdomo wa sili. Wa pili ni mashimo, hasa njia zinazopitwa na matrekta ya miwa upande wa Awendo. Wa tatu ni maji. Wapo wanaotoka safari ndefu na kuingiza gari ukingoni mwa ziwa kuliosha. Habu ikiwa moto, hewa ndani yake imetanuka. Ikizama kwenye maji baridi, hewa hujikunja na kuvuta maji kupitia sili iliyochoka. Grisi hugeuka kama maziwa, na baada ya muda kutu huanza. Walio Pwani wanaoteremsha magari ufuoni wajue kwamba maji ya chumvi ni mabaya zaidi.

Beringi za mbele za 240Z ni za roli zilizochongoka, mbili kila upande, ya ndani na ya nje. Toa gurudumu, fungua kalipa na uitundike kwa waya; usiiache ining'inie kwa mpira wake wa breki. Toa kifuniko cha grisi, nyoosha pini ya kufungia nati, fungua nati, toa washa na beringi ya nje. Habu itatoka pamoja na disiki yake. Geuza, toa sili, kisha beringi ya ndani.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa na ukaushe kwa kitambaa safi. Usiizungushe beringi kwa hewa ya kompresa. Inaweza kuruka vipande na kukuumiza. Ukiona madoa, michubuko au rangi ya buluu ya joto, tupa. Na ukibadilisha roli, badilisha na kikombe chake kilichomo ndani ya habu. Viwili hivyo huzeeka pamoja, na roli mpya kwenye kikombe cha zamani haikai muda. Kikombe cha zamani hutolewa kwa kugongwa taratibu pande zote. Kipya kiingie sawa mpaka mlio wa nyundo ubadilike, dalili kwamba kimefika mwisho.

Grisi iwe ya kustahimili joto la breki za disiki, na usichanganye aina mbili. Isukume kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili wa roli. Weka sili mpya. Kaza nati huku ukizungusha habu ili roli zikae, kisha irudishe nyuma kidogo kwa kipimo cha kitabu cha gari, na utie pini mpya. Ukiacha imekazwa sana itaungua. Ukiacha imelegea umerudi ulikotoka.

Nyuma ni kazi nyingine. Pale kuna beringi za gololi, na kati yake kipande cha chuma cha kutenganisha chenye herufi A, B au C. Herufi hiyo lazima ilingane na ile iliyochapwa kwenye nyumba ya beringi. Usikitupe, wala usichanganye cha kushoto na cha kulia. Nati yake hukazwa kwa nguvu zinazopita niutoni-mita 240, kwa hiyo inataka spana ya kipimo, si bomba refu na makisio. Kama gereji haina chombo cha kuvutia ekseli, peleka kwenye karakana iliyo nacho.

Neno la mwisho ni spea. Mteja mmoja aliniletea beringi yenye boksi zuri na jina kubwa. Nilipoizungusha mkononi ilikwaruza, na namba yake ilifutika kwa kidole. Ilikuwa feki, nikamrudishia. Nenda dukani na beringi ya zamani, linganisha namba iliyochongwa kwenye chuma, si ile ya boksi. Bei ikiwa nusu ya kila duka, uliza sababu.

Ukimaliza, endesha kilomita chache ndani ya mji, simama, na usogeze kiganja karibu na kila habu. Yenye joto kupita wenzake ifunguliwe tena. Baada ya kama kilomita 100, inua gari na ulitikise upya. Fanya hivyo wiki moja kabla ya safari, si usiku wa kuamkia. Beringi inayonguruma Rongo usitarajie itanyamaza ukifika Mariakani.