Asili ya Majina Matatu: Modeli, Sura na Kidhibiti

Katika elimu ya kutunga programu za kompyuta pana mpango mmoja ujulikanao kwa herufi tatu, MVC, nazo ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza Model, View na Controller. Katika makala haya tutayaita modeli, sura na kidhibiti. Mwanafunzi aanzaye kujifunza kutunga programu za wavuti hufundishwa mpango huu mapema, na aghalabu hudhani kwamba ulibuniwa kwa ajili ya wavuti. Sivyo. Majina haya yalipatikana mwaka 1979, zaidi ya miaka kumi kabla ya kurasa za wavuti kufunguliwa kwa watu wote mwaka 1991. Yalipohamia huko yalibaki na umbo lile lile, lakini maana zake ziligeuka. Kusudi letu ni kuyafuata mageuzi hayo, kwa kuwa yanamhusu sana kila mtu atakaye kuzitia istilahi hizi katika Kiswahili.

Aliyeanzisha jambo hili ni Trygve Reenskaug (1930–2024), mtaalamu wa Norwei. Alikuwa amekwisha kujulikana kwa programu iitwayo Autokon, ya mwaka 1963, iliyotumiwa katika kazi ya kusanifu meli. Mwaka 1978 alikwenda California, akawa mgeni katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, ambako kundi la Alan Kay lilikuwa likiiendeleza lugha ya kompyuta iitwayo Smalltalk. Swali alilokuwa nalo lilikuwa hili: mtu mwenye habari nyingi tena zenye kutatanisha, atawezaje kuziona na kuzitumia katika kompyuta kama vile azionavyo akilini mwake? Akilini mwa mtu mna picha ya kazi yake, na ndani ya kompyuta mna picha nyingine. Reenskaug alitaka kujenga daraja baina ya hizo mbili.

Tarehe 12 Mei 1979 aliandika waraka uliotaja sehemu nne, nazo ni kitu, modeli, sura na mhariri. Tarehe 10 Desemba mwaka ule ule aliandika waraka mwingine, na humo sehemu zilikuwa tatu tu. Kitu hakikuhesabiwa tena, kidhibiti kiliingia, na mhariri akashuka cheo akawa aina moja tu ya kidhibiti. Baadaye Reenskaug mwenyewe alieleza kwamba katika kazi hiyo yote jambo gumu kupita mengine lilikuwa kupata majina mazuri, na kwamba haya ya mwisho yalipatikana baada ya mazungumzo marefu, hasa pamoja na Adele Goldberg. Hapo wanalugha wataona kwamba shida ya istilahi haiwapati wafasiri peke yao. Wenye kubuni nao huipata.

Ili maana za kwanza zieleweke, tuchukue mfano ulio karibu na kazi yetu, yaani kamusi iliyotiwa katika kompyuta. Maneno, ngeli zake, maana zake na asili yake, pamoja na kanuni za kuyapanga, yote hayo ni modeli. Modeli haina rangi wala herufi nene; ni elimu iliyohifadhiwa. Mtu mmoja aweza kutaka kuyaona maneno kwa utaratibu wa alfabeti, mwingine kwa ngeli, na wa tatu akataka yale tu yenye asili ya Kiarabu. Hizo ni sura tatu za modeli moja, na kila sura huonyesha baadhi ya mambo na kuyaacha mengine. Kidhibiti nacho ni kiungo baina ya mtumiaji na mtambo. Hupokea lile alitendalo mtu kwa kibodi au kwa kipanya, kisha hulipeleka panapohusika. Faida ya utengano huo ni kubwa. Mtunga kamusi akiisahihisha ngeli ya neno moja, husahihisha mara moja tu, na sura zote tatu zitaonyesha sahihisho lile.

Mpango huu uliingizwa katika Smalltalk-80, na mwaka 1988 Glenn Krasner na Stephen Pope walichapisha makala yaliyoueleza kwa urefu, yakasomwa na wengi. Katika utaratibu huo kila sura ilikuwa na kidhibiti chake. Tena sura ilikuwa kama mtu aliyetega sikio: modeli ilipobadilika ilitangaza kwamba imebadilika, bila haja ya kujua wasikilizaji wake ni akina nani, na kila sura ikajirekebisha papo hapo.

Sasa tuje kwenye wavuti. Katika miaka ya 1990, kurasa zilizotungwa na programu mara nyingi ziliandikwa kwa kuchanganya mambo yote katika faili moja: maagizo ya kutafuta habari katika hifadhidata, kanuni za kazi, na alama za kupamba ukurasa. Kwa kazi ndogo haikuwa shida. Kwa kazi kubwa, aliyetaka kubadili rangi aliweza kuharibu hesabu, na kanuni moja iliyoandikwa katika kurasa ishirini ilihitaji kusahihishwa mara ishirini. Kwa sababu hiyo watungaji waliurudia mpango wa Reenskaug. Struts, kwa lugha ya Java, ilitolewa mwaka 2000. Ruby on Rails, kazi ya David Heinemeier Hansson, ilitolewa mwaka 2004. Hizi ndizo zilizoyaeneza majina yale matatu miongoni mwa watungaji wa wavuti.

Walakini desturi ya wavuti ni ya kuomba na kujibiwa. Kivinjari hupeleka ombi, seva hurudisha ukurasa, na shughuli huishia hapo. Modeli ikibadilika baadaye, ukurasa uliokwisha kupelekwa haupati habari mpaka uombwe tena. Basi sura ilipoteza sikio lake, ingawa programu ziendeshwazo ndani ya kivinjari zilikuja kulirudisha kwa njia nyingine. Kidhibiti nacho kilihama. Zamani kilikaa kando ya sura moja kikisikiliza kipanya. Sasa kilisimama mlangoni kama karani wa mapokezi, kikipokea ombi, kikaitaka modeli habari, kisha kikachagua sura ya kujibia.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni Django, iliyozaliwa katika gazeti moja la mji wa Lawrence, Kansas, na kutolewa kwa watu wote mwaka 2005. Humo sehemu ya kupamba ukurasa huitwa kiolezo, na jina la sura limepewa ile sehemu ambayo wengine huiita kidhibiti. Wenyewe walieleza kwamba kwao sura ni habari zipi zionyeshwe, wala si jinsi zionekanavyo. Na kidhibiti ni mtambo mzima upelekao ombi mahali pake. Hawakukosea, walilisoma neno lile lile kwa maana nyingine.

Funzo kwetu ni kwamba mfasiri ategemeaye kamusi peke yake atapotea. Mathalan, akiita modeli "kielelezo", msomaji wa Kiswahili atafikiri picha ya kitabuni, na kuonyesha picha ni kazi ya sura. Akisema "mdhibiti" badala ya "kidhibiti", kiambishi kitamfanya msomaji amtafute mtu, hali jambo lenyewe ni chombo kilichowekwa baina ya mtu na mtambo. Hata shina la "dhibiti" lina nguvu kuliko kazi yenyewe, kwa maana chombo hiki hakizuii, bali hupokea na kupeleka. Tumelitumia kwa kuwa limekwisha kuzoeleka. Kwa hiyo yapasa kila istilahi ya elimu hii iandikwe pamoja na maelezo ya kazi yake, na kutajwa ni katika mtambo gani na wakati gani, ili mwanafunzi wa Kiswahili asije akarithi jina lililokwisha kuachwa na maana yake.