Uvimbe wa taya na askari wa mwili: historia iliyoanzia Kampala

Ndugu zetu, tukisikia neno kansa wengi wetu tunafikiria ugonjwa wa wazee, au wa watu wa Ulaya. Leo tunaeleza historia ya kansa ya watoto iliyotambuliwa hapa hapa Afrika Mashariki, na ambayo bado inawapata watoto wa maeneo yenye malaria.

Mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alikuwa akifanya kazi Mulago, Kampala. Akaitwa amwangalie mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya, juu na chini, kulia na kushoto. Hakuelewa. Baada ya muda mfupi, akiwa Jinja, akaona mtoto mwingine vile vile. Akajua siyo ajali, akaanza kupekua kumbukumbu za wagonjwa.

Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakazunguka wiki 10, karibu kilomita 16,000, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini. Kila hospitali swali ni moja: mnao watoto wa namna hii? Kumbe ugonjwa uko kwenye joto na mvua nyingi, na kwenye milima yenye baridi ni nadra. Ramani yake ikafanana na ya malaria.

Mwaka huo huo Burkitt alitoa mhadhara London. Anthony Epstein alikuwepo akisikiliza, akaomba vipande vya uvimbe, vikatumwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kuwa wameona kirusi ndani ya chembe za uvimbe. Kikaitwa Epstein-Barr.

Sasa hapo kuna swali. Kirusi hicho karibu watu wazima wote duniani wanacho. Mbona wengi hawapati kansa?

Jibu liko kwa askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu. Tuchukue aina mbili tu. Chembe B zinatengeneza kingamwili, silaha za kupigana na vijidudu. Chembe T zinapiga doria, zikikuta chembe yenye kirusi zinaiua. Kirusi cha Epstein-Barr kinajificha ndani ya chembe B, na chembe T zinakibana kisizidi.

Mtoto akiugua malaria mara kwa mara, mambo mawili yanatokea. Chembe B zinachochewa kuzaana haraka, na katika kuzaana huko kosa linaweza kuingia kwenye jeni. Halafu chembe T zinachoka, doria inalegea. Chembe B moja yenye kosa ikiponyoka, inazaana bila breki. Ndiyo uvimbe wenyewe. Askari aliyetumwa kulinda amegeuka muasi, na wenzake wamechoka kumkamata. Sisi tuliokimbia vita tunalielewa hilo bila kufundishwa.

UKIMWI nao ulionyesha hivyo hivyo. Chembe T zilipopungua, kansa ya Kaposi iliongezeka. Wagonjwa wakianza ARV na askari wakarudi, kwa baadhi yao uvimbe unanywea.

Kwa nini tunaandika haya? Kwa sababu kansa hii inatibika. Tangu miaka ya 1960 Burkitt aliona uvimbe ukinywea ndani ya siku chache kwa dawa, na watoto wengine wakapona kabisa. Lakini inakua haraka mno, kuliko karibu kansa zote. Huku kwetu watu wanasema ni jino, wengine wanasema amerogwa, na wiki zinapita.

Kwa hiyo, wazazi: mtoto akivimba taya, meno yakalegea bila sababu, jicho likatokeza au tumbo likavimba, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ndugu zetu wa mashirika: rufaa ya mtoto huyu isingoje kikao cha mwezi ujao. Na sisi vijana, chandarua kilichogawiwa ni cha kulalia mtoto, siyo cha kufugia kuku. Kila malaria tunayoizuia inawapumzisha askari wake.