Patholojia ya Usemi na Lugha, na Uzamili Wake kwa Masafa

Patholojia ya usemi na lugha ni taaluma ya kupima na kutibu matatizo ya matamshi, ya sauti, ya kigugumizi, ya kuelewa na kutumia lugha, na ya kumeza. Jina hilo ni la Marekani, ambako chama cha wanataaluma wake kiliundwa mwaka 1925 katika jimbo la Iowa. Waingereza hawataji patholojia. Wao huiita tiba ya usemi na lugha, na ndivyo ilivyo pia katika Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoanzisha shahada ya kwanza ya fani hii mwaka 2008.

Kwa Kiswahili, jina la Kiingereza cha Uingereza lina nafuu. Patholojia katika hospitali zetu ni kazi ya maabara: kuchunguza tishu, na pengine maiti, ili kujua chanzo cha ugonjwa. Mzazi akiambiwa ampeleke mwanawe kwa mwanapatholojia atashtuka bure. Magazeti nayo hupenda “tiba ya matamshi”, ambalo ni jina jembamba mno. Mtoto mwenye kithembe ana tatizo la matamshi, sawa. Lakini mzee aliyepata kiharusi, akawa anakiona kijiko, anajua kazi yake, na jina lake halimjii, huenda ulimi wake ni mzima kabisa. Kilichoguswa ni lugha yenyewe ndani ya ubongo, hali iitwayo afasia. Usemi ni neno pana zaidi, ingawa kwa aliyepita shule linakumbusha usemi halisi na usemi wa taarifa. Likiandamana na lugha, utata huo huisha. Tiba ya usemi na lugha, basi, na mhudumu wake ni mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Jina ni refu, lakini halipotoshi.

Hata hivyo, jina hilo halitaji kumeza, wala la Marekani halikutaji. Kumeza kuliingia katika fani hii kwa sababu viungo ni vilevile: midomo, ulimi, kaakaa, koromeo na zoloto. Mgonjwa wa kiharusi ambaye koo lake limelegea anaweza kupaliwa na maji, na chakula kinachoingia mapafuni huleta nimonia. Katika wodi nyingi, kazi ya kwanza ya mtaalamu huyu huwa kuamua kama mgonjwa anaweza kula salama, na mazungumzo huja baadaye. Upande wa pili kuna jambo ambalo si lake. Anayesema “rara” badala ya “lala” kwa athari ya lugha yake ya kwanza hana kasoro ya kutibiwa. Hiyo ni tofauti ya lafudhi, na fani hii huwafundisha wanafunzi wake mapema kutenganisha tofauti na ugonjwa.

Marekani, sifa ya kuanzia kazi ni shahada ya uzamili, na hapo ndipo elimu ya masafa inapoingia. Masafa hapa ni utengano wa mahali kati ya mwalimu na mwanafunzi. Mtandao ni chombo tu, kama ilivyokuwa posta zamani, kwa hiyo “masomo ya mtandaoni” si kisawe kamili. Vyuo kama East Carolina University na New York University hutoa uzamili huu kwa njia hiyo. Aliyesoma fani nyingine hutangulizwa kozi za msingi: anatomia ya viungo vya usemi, fonetiki, ukuaji wa lugha ya mtoto, usikivu. Masomo yenyewe huchukua takriban miaka miwili kwa anayesoma muda wote, na zaidi kwa mwenye ajira.

Mihadhara, mijadala na mitihani husafiri kwa urahisi. Mazoezi ya kitabibu hayasafiri hivyo. Anayetaka cheti cha chama cha Marekani sharti awe na saa 400 za mazoezi: 25 za kutazama na 375 za kuhudumia wagonjwa. Kati ya hizo 400, zisizopungua 325 hupatikana katika ngazi ya uzamili. Sehemu ndogo, hadi saa 75, yaweza kufanywa kwa wagonjwa wa kuigiza, wakiwemo wa kompyuta. Zinazobaki huhitaji mgonjwa halisi na msimamizi mwenye cheti hicho, anayefuatilia angalau robo ya muda wa mwanafunzi na kila mgonjwa. Kwa hiyo mwanafunzi wa masafa hupangiwa shule, kliniki au hospitali iliyo karibu na anapoishi, na ugumu wa kozi hizi uko hasa katika kuipata nafasi hiyo. Anayejiandikisha akiwa Mombasa au Arusha anapaswa kuuliza habari za msimamizi kabla ya kuuliza karo.

Zaidi ya shahada, cheti hicho hudai mtihani wa kitaifa uitwao Praxis, na kazi chini ya mlezi kwa saa 1,260 katika muda usiopungua wiki 36. Leseni ni suala jingine: kila jimbo hutoa yake, na kozi inayokubalika katika jimbo moja huenda isiruhusiwe kupokea wanafunzi wa jimbo jirani.